Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Je, ukarimu bado ni ukarimu ukijua mgeni atakulipa? Wahenga hawakuona aibu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tazama utumbo mpana. Humo wanaishi bakteria matrilioni. Nyuzinyuzi za maharagwe, sukuma wiki na ugali wa wimbi hatuwezi kuzimeng'enya wenyewe. Wao huzichachusha na kutoa asidi iitwayo butireti, inayolisha ukuta wa utumbo na kutuliza uvimbe. Wakinyimwa, kama ilivyoonekana kwa panya wa maabara, hugeukia ute unaoulinda ukuta huohuo. Mgeni mwenye njaa huanza kula nyumba.

Na sisi je? Pumba tunawapa kuku, tunajisongea sima nyeupe, kisha mwenye pesa anakimbilia duka la dawa kununua bakteria wa vidonge. Unaalika wageni wapya na sufuria ni tupu! Hata mursik na maziwa lala ni vizuri, lakini hao nao watakula nini?

Swali lile la mwanzo linadhani mwenyeji na mgeni wana hesabu mbili. Kumbe ni moja. Kumlisha mwenzako ukijua utapona si unafiki. Unafiki ni kutaka kupona bila kumlisha.