Je, Mtabiri Aliyekosea Amesema Uongo?

Katika nchi za baridi, habari zikienea kwamba dhoruba ya theluji yakaribia, watu wapendao elimu ya hewa huanza kubishana. Huyu asema theluji itafika magotini. Yule asema itapita mbali na mji. Wengi wao watakuwa ndani ya nyumba zao siku hiyo, karibu na moto. Kando ya Ziwa Victoria hakuna theluji, lakini ubishi wa namna hiyo upo, na una uzito zaidi, maana baadhi ya wanaobishana wataingia majini usiku ule ule.

Simama nami, msomaji, pale Mamboleo, nje kidogo ya mji wa Kisumu, mahali ambapo barabara iendayo Kakamega yakaribia kupanda vilima vya Riat. Jina la mahali hapa lafaa kuchekesha kidogo, maana sisi tumekuja kuuliza mambo ya kesho. Alasiri ya siku ya jua utaona upepo ukitoka ziwani kuelekea nchi kavu. Ardhi imepata joto upesi kuliko maji. Hewa iliyo juu yake huinuka, na hewa baridi ya ziwani huja kushika nafasi yake. Mawingu hujengeka mashariki juu ya milima ya Nandi na kuendelea hadi Kericho, mji ambao ni miongoni mwa mahali panaponyesha mvua ya mawe mara nyingi sana duniani. Mambo haya mkazi yeyote wa Kisumu huyaona kwa macho yake.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, lakini maji ya ziwa hubaki na uvuguvugu. Upepo sasa hutoka nchi kavu kutoka kila upande, Kenya, Uganda na Tanzania, nao hukutana juu ya ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Hewa iliyokutana haina pa kwenda ila juu. Hapo ndipo ngurumo huzaliwa, mbali na macho ya watu walio pwani, katika saa zile zile ambazo mvuvi wa omena yuko kazini. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa taa zinazowavuta samaki. Kwa hiyo, wakati umfaao mvuvi kwa riziki ndio wakati uifaao dhoruba, na hapana anayeweza kuzitenganisha saa hizo mbili.

Sasa tuwasikilize watu wawili jioni moja katika ufuo kama ule wa Dunga. Sitawapa majina, kwa kuwa wapo katika kila ufuo. Mmoja ni kijana aliyepokea utabiri kwa simu yake: usiku huu yamkini kutakuwa na upepo mkali na mawimbi makubwa. Wa pili ni mzee aliyevua miaka arobaini. "Juzi walisema hivyo hivyo," asema mzee, "tukalala njaa, na ziwa likawa kama maziwa katika kibuyu. Watu hao ni waongo." Kijana ajibu, "Baba, hawakusema itakuja. Walisema yamkini." Mzee acheka. "Yamkini! Neno hilo halishindwi kesi. Ikija wamesema, isipokuja wamesema."

Naomba usimcheke mzee huyu upesi. Hoja yake ni ya kweli nusu, na nusu hiyo yatosha kuwasumbua wenye akili. Mtu akisema jambo ambalo tukio lolote haliwezi kulikanusha, amesema nini? Tumezoea kupima kauli kwa namna nyepesi: ukisema mlango umefungwa, nami nikaukuta wazi, ulikosea au ulinidanganya. Lakini mtabiri akisema kwamba dhoruba yatarajiwa kwa mara saba katika kumi, na usiku ukapita shwari, hatuwezi kumshika kwa usiku mmoja. Lazima tuzikusanye siku zote alizosema saba katika kumi, kisha tuhesabu. Kama katika usiku mia moja wa namna hiyo dhoruba ilikuja mara sabini hivi, basi mtu huyu ni mkweli, hata katika zile thelathini ambazo mvuvi alilala njaa bure. Kama ilikuja mara ishirini tu, mzee ameshinda, na mtabiri amestahili lawama. Neno "yamkini" peke yake ndilo linalokimbia mahakama. "Yamkini" iliyotiwa hesabu hushitakiwa na hushindwa kama neno jingine lolote. Kwa hiyo mzee ana haki ya kudai hesabu, ila hana haki ya kutoa hukumu kwa kukumbuka juzi tu.

Na kumbukumbu yetu, kwa bahati mbaya, si karani mwaminifu. Huandika kwa wino mzito zile siku tulizopata hasara kwa kutii, nayo huzisahau siku tulizookoka bila kujua. Mtu aliyebaki nyumbani na dhoruba ikapita ziwani hajui kama angekufa. Labda angerudi salama. Shukrani yake haina ushahidi. Lakini hasara yake, ndoo za omena alizozikosa, aweza kuzihesabu.

Jambo hili lilimpata mtu mmoja mashuhuri. Robert FitzRoy, yule nahodha wa Uingereza aliyemchukua Charles Darwin katika merikebu ya Beagle, alipewa mwaka 1854 kazi ya kukusanya habari za hali ya hewa baharini. Mnamo Oktoba 1859 merikebu iitwayo Royal Charter ilivunjwa na tufani karibu na pwani ya Wales, na watu zaidi ya mia nne wakafa. FitzRoy aliamini kwamba tufani ile ingeweza kutangazwa mapema kwa simu za waya. Mwaka 1861 akaanza kuamuru ishara za hatari zitundikwe bandarini, na akatoa utabiri magazetini. Alipokosea alidhihakiwa, na hakukosea mara chache. Wataalamu wengine walisema kwamba kutabiri kabla ya kujua sheria zote za hewa ni kuiaibisha elimu. FitzRoy alifariki mwaka 1865; mwaka uliofuata wataalamu hao wakaziondoa ishara zake. Unadhani ni nani waliozidai zirudishwe? Mabaharia na watu wa bandari, ambao wao wenyewe ndio waliopotezewa siku za kazi na ishara za uongo. Mwaka 1867 zikarudishwa. Wale wenye elimu walitaka ukweli mtimilifu au kimya. Wale wenye maisha ya kupoteza waliridhika na ukweli wenye kasoro. Mimi, katika shauri hili, nasimama pamoja na mabaharia.

Lakini yako kosa jingine lililo upande wa pili, nalo hushawishi zaidi kwa sababu lavaa nguo za huruma. Mtu aweza kusema: maadamu uhai una thamani kuliko omena, mtabiri na aonye kila usiku, akikosea mara tisini kwa mia, ni nini? Ameokoa watu. Fikiri, msomaji, kabla ya kukubali. Onyo likitolewa kila usiku si onyo tena, bali limekuwa kelele, na mvuvi huizoea kelele kama mkazi wa kando ya reli azoeavyo garimoshi. Tena kuna dhuluma ndani yake. Anayekuza hatari ili nitii amekwisha kuamua kwa niaba yangu, huku akinifanya nidhani nimeamua mwenyewe. Hata kama nia yake ni njema, amenichukulia kama mtoto. Na siku nitakapomgundua, hata neno lake la kweli sitalitaka.

Kupunguza hatari ni ndugu wa kuikuza. Katika Kenya watu wazima wanakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilizobomoa madaraja na barabara. Mwaka 2015, El Niño nyingine ilipotangazwa, hofu ya ile ya kwanza ikaamka. Fedha zikatengwa, watu wakajiandaa. Mvua ikaja, lakini maangamizi hayakufikia kiasi kilichoogopwa, na wengi wakaiona Idara ya Hali ya Hewa kuwa imepiga ngoma bila harusi. Kisha mwaka 2023 idara hiyo ilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Disemba zingepita kiasi. Ubishi ukazuka juu ya jina: je, ni El Niño au si El Niño? Mnamo Oktoba Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba, kwa maelezo mapya ya wataalamu, El Niño ya maangamizi haitakuwapo, bali mvua nyingi tu. Novemba ikaja na mafuriko. Zaidi ya watu mia moja walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao, hasa upande wa kaskazini mashariki. Sisemi kwamba neno moja la faraja liliwaua watu hao. Nasema kwamba taifa zima lilitumia majuma kubishana juu ya jina la maji, na maji hayo yalipofika hayakuuliza yameitwaje.

Wanafunzi waliosoma habari za Yona, ambaye Waislamu humwita Nabii Yunus, watakumbuka jambo la ajabu katika kisa chake. Katika Biblia, Yona aliutangazia mji wa Ninawi kwamba utaangamizwa baada ya siku arobaini. Watu wakatubu, mji ukasalimika, naye akakasirika. Kwa kipimo cha yule mzee wa ufuoni, Yona alikosea kabisa. Lakini neno lake ndilo lililoifanya kesho iwe nyingine! Hali ya hewa haisikii maonyo yetu, ni kweli, dhoruba haitubu. Hata hivyo msiba si dhoruba peke yake. Msiba ni dhoruba pamoja na mtumbwi uliokuwa chini yake, na mtumbwi una masikio.

Wako pia watabiri wa jadi. Si mbali na Kisumu, huko Luanda katika kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umejulikana tangu zamani kwa kutabiri mvua kwa kuangalia maua na majani ya miti, upepo, ndege na wadudu. Baadhi ya wasomi waliwadharau. Lakini tangu mwaka 2008 hivi, wazee hao na wataalamu wa hali ya hewa wamekuwa wakikutana kabla ya msimu, kila upande ukaleta utabiri wake, wakajadiliana hata wakatoa neno moja kwa wakulima. Mimi sishangazwi na kulingana kwa tabiri zao. Nashangazwa na subira ya kuketi meza moja. Mwenye mitambo alikubali kuulizwa na mwenye miti. Na kwa upande wa ziwa, kuanzia mwaka 2017 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilishirikiana chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani kutengeneza maonyo ya mapema kwa wavuvi, kwa maneno wanayoyaelewa.

Nimebakiza jambo moja, nalo laniudhi kuliko yote. Katika fuo nyingi mwenye mtumbwi si yule anayeingia majini. Mwenye mtumbwi na nyavu hulala nyumbani. Vijana huvua, na mapato hugawanywa asubuhi. Sasa tazama tena ubishi wetu. Mwenye mtumbwi akisema, "Watabiri ni waongo, nendeni," yeye ahatarisha mbao na nyavu. Kijana ahatarisha pumzi yake. Utabiri ni ule ule, mara saba katika kumi, lakini maana yake si moja kwa watu hawa wawili, na lingekuwa jambo la haki kama neno la mwisho lingekuwa la yule atakayelowa. Lakini kijana ana ada ya mdogo wake ya kulipa, na mtumbwi ukikosa mtu usiku huu, kesho utapata mtu mwingine. Elimu ya hewa imemwambia kweli, naye hana nafasi ya kuitumia. Lawama hiyo tusimtwike mtabiri. Ni yetu sote tunaokula omena kwa bei ndogo.

Wale wawili tuliwaacha ufuoni. Jua limetua nyuma ya ghuba, na upepo wa nchi kavu umeanza kupuliza, hafifu bado, kutoka upande wa Mamboleo. Mzee amekaa juu ya kiunzi cha mtumbwi wake akitazama magharibi, ambako umeme unamulika bila sauti. Kijana ameishika taa mkononi, hajaiwasha.

"Ni saba katika kumi, baba," asema tena.

Mzee hajibu upesi. Kisha auliza, na safari hii hacheki, "Na zile tatu, wamesema ni zipi?"