Acha Nakala Kabla Hujashuka Mlima

 Vuta kiti ukae, mwanangu, maana maneno yenyewe si ya kusimama. Nimesikia umeajiriwa maktabani, na kwamba roho yako iko kwenye mazingira, mikataba ya dunia na ile miradi yenye magari meupe yanayopanda Kinole na Mgeta, milimani Uluguru. Ni heri. Mimi magoti yameshakataa mlima, lakini karatasi zake nimezishika muda mrefu, na kuna jambo moja ninalolirudia mpaka watu wananikwepa.

Milima ya Uluguru imeandikwa sana. Imeandikwa, na yaliyoandikwa yakaondoka. Mwaka 1894 Mjerumani Franz Stuhlmann alipanda, akakusanya mimea, ikapelekwa Berlin. Mwaka 1943 mabomu yakaanguka kwenye hifadhi ya mimea ya Berlin, na sehemu kubwa ya hazina ile ikateketea. Mwaka 1926 akaja Arthur Loveridge, akapeleka ndege na vyura Harvard. Miongoni mwao yumo ndege wa msituni ambaye dunia nzima haonekani popote ila Uluguru. Huwezi kumwona kwingine akiwa hai, lakini aliyetaka kusoma habari zake ilibidi aandike barua Marekani. Simlaumu Loveridge. Wakati ule hapa hapakuwa na kabati la kumwekea.

Leo kabati lipo lakini karatasi bado zinaondoka, na hilo ndilo linalonichosha. Mwaka 1991 Bunge lilipitisha sheria, maktaba yenu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ikafanywa Maktaba ya Taifa ya Kilimo. Si ya wanafunzi wa Morogoro peke yao. Mtafiti wa Uyole anayo haki humo, na bwana shamba wa Newala vilevile. Ila sheria haibebi ripoti kuileta mezani. Ripoti huletwa na watu, nawe utawajua watu.

Nikupe mfano mwingine wa kitu kilichoondoka. Miaka ya mwanzo ya 1970 alikuwa akifundisha hapa Morogoro Mhungaria mmoja, Tamás Pócs, mtaalamu wa mimea. Yeye hakuishia kwenye miti mikubwa. Alishughulika na vile vimea vidogo vinavyovaa magome na matawi kule juu kwenye kilele cha Bondwa palipo na ukungu, akapima maji vinavyoyanasa na kuyashika. Ukikamua konzi moja ya vimea hivyo hata siku isiyo na mvua, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Maji hayo hushuka polepole, yakaingia mito ya Ngerengere na Mgeta, yakafika Ruvu, na anayefungua bomba Dar es Salaam anakunywa humo. Makala zake zikachapishwa Hungaria. Basi kijana wa Kigurunyembe aliyetaka kujua kwa nini msitu wa juu usikatwe, jibu lilipimwa juu ya kichwa chake na likawekwa Budapest.

Zamani kulipata jibu kama hilo kulikuwa na adhabu yake: barua kwa maktaba ya ng'ambo, kisha kusubiri fotokopi miezi na miezi, nayo ije imekosa kurasa za majedwali. Halafu ukaja mpango wa AGORA wa shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2003, na ule wa OARE wa mazingira, mwaka 2006, uliosimamiwa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pamoja na Chuo Kikuu cha Yale. Taasisi za nchi kama yetu zikafunguliwa majarida ambayo bei yake ingemaliza bajeti ya mwaka. Jifunze milango hiyo vizuri, mwanangu. Nywila usiifungie kwenye droo kama hirizi. Nimeona sehemu fulani, sitaitaja, nywila inajulikana na mtu mmoja, naye yuko likizo.

Lakini milango hiyo inaleta ya kwao yaliyochapishwa. Ya kwetu yasiyochapishwa nani ataleta? Mradi unakuja, unaajiri washauri, wanapita vijijini na madodoso, ripoti inatolewa kwa jalada la rangi, inazinduliwa hotelini kwa chai na sambusa, halafu basi. Miaka inapita, unakuja mwingine na madodoso yaleyale. Bibi mmoja kule juu aliwaambia vijana, nami nikiwepo, "Majibu yangu ya kwanza mliyapeleka wapi?" Wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Na usidhani hasara ni ya karatasi tu. Kuanzia 1950 Waingereza walilazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, wakidai kuzuia mmomonyoko. Nia waliiona njema. Lakini udongo wenye rutuba kwenye miteremko mingi ni mwembamba. Ukichimba tuta, mzuri unaufukia na ule usiozaa unauleta juu. Wakulima walilijua hilo, wakasema, hawakusikilizwa. Mwaka 1955 kukawa na ghasia Matombo, risasi zikalia, mtu akafa, na mpango ukafa naye. Roland Young na Henry Fosbrooke waliyaandika mambo hayo katika kitabu kilichotoka 1960. Kila anayekuja kwako na neno "matuta" mdomoni, mpe kitabu hicho kabla hujampa ramani. Akisema hana muda, mwambie na wewe huna haraka.

Mtafiti mgeni akiingia na kibali cha utafiti cha COSTECH mkononi, mpokee vizuri. Mwonyeshe rafu, mtafutie tasnifu za wenzake waliomtangulia, hata zile zilizopigwa taipu na kusahihishwa kwa kalamu ya wino. Kisha muulize kwa upole nakala ataacha lini, na andika tarehe aliyoitaja mbele yake. Muulize pia kama atakuachia kurasa mbili za Kiswahili za kubandika ofisi ya kijiji. Wengi watakubali. Hawakuwahi kuulizwa, ndiyo siri yenyewe.

Kesho ukifika kazini, anza na boksi lile lililo chini ya ngazi, lile lenye unyevu. Pini zenye kutu zitoe kwa koleo ndogo, usitumie kucha, utachana karatasi. Ramani usizianike juani, zitandaze kivulini na feni iwe mbali. Skani zote, hata zisizo na jina la mwandishi. Ukimaliza, mpigie yule kijana wa mradi aliyeahidi kuleta ripoti tangu kabla ya Ramadhani. Najua atasema wiki ijayo. Mwambie sawa, wiki ijayo, na wiki ijayo umpigie tena.