Deni la Mvumbuzi

Mali ikigawanywa hupungua. Maarifa yakigawanywa huzidi. Hata hivyo, watu wameyagombania maarifa kama wanavyogombania mipaka ya mashamba. Mtu agunduapo jambo jipya husema, "Hili ni langu." Je, usemi huo una haki? Maisha ya tabibu Robert Bárány, aliyezaliwa Vienna mwaka 1876, yanafaa kulipimia swali hili.

Kazi ya Bárány ilihusu jinsi mwili unavyojisimamisha usianguke. Ndani ya sikio, karibu na kiungo cha kusikia, mna mifereji mitatu midogo iliyopindika mfano wa nusu duara, nayo imejaa maji. Kichwa kigeukapo, maji hayo huchelewa kukifuata, na kuchelewa huko ndiko kunakouarifu ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Ubongo nao huyaamrisha macho yageukie upande wa pili, ili mtu aone vitu vimetulia. Sikio la ndani likiugua, macho huchezacheza, na dunia huonekana inazunguka.

Elimu hii haikuanza na Bárány. Katika miaka ya 1820 Flourens, mtaalamu wa Ufaransa, aliikata mifereji hiyo katika njiwa, akaona ndege hao wakishindwa kutawala miendo yao. Mwaka 1861 Ménière alionyesha kuwa kizunguzungu chaweza kutoka sikioni, wakati ambapo matabibu walizoea kuushitaki ubongo. Katika miaka ya 1870 Mach, Breuer na Crum Brown, kila mmoja kwa njia yake, walieleza mwendo wa yale maji. Bárány alikuta njia imekwisha kufyekwa.

Alilolikuta yeye lilianza na malalamiko. Alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, na wengi wao walishikwa na kizunguzungu. Mgonjwa mmoja alimwambia kwamba kizunguzungu humjia maji yakiwa baridi. Tabibu akaagiza maji ya moto. Yakazidi moto, na mgonjwa akalalamika tena. Ndipo Bárány alipotambua kuwa macho yalikuwa yakicheza kinyume cha yalivyocheza kwa maji baridi. Akakumbuka kwamba maji yapashwapo moto hupanda, na yapoapo hushuka. Akahukumu kuwa ndivyo yanavyofanya maji ya mifereji ya sikio. Tangu hapo tabibu aliweza kulipima kila sikio peke yake, kwa kutazama macho tu.

Kwa kazi hiyo alipewa Zawadi ya Nobel ya mwaka 1914. Habari zilimfikia akiwa mfungwa. Alikuwa tabibu wa jeshi la Austria, akatekwa na Warusi mwaka 1915 katika ngome ya Przemyśl, akapelekwa Merv, huko Asia ya Kati. Mwanamfalme Carl wa Sweden alimwombea kwa njia ya Msalaba Mwekundu, akafunguliwa mwaka 1916. Lakini aliporudi Vienna hakupokewa kwa shangwe. Baadhi ya wenzake walimshitaki kuwa hakuwataja ipasavyo wale ambao kazi zao zilimsaidia. Wengine, hasa wa Sweden, walimtetea. Mwaka 1917 alihamia Uppsala, akafanya kazi huko hata alipofariki mwaka 1936.

Haifai kuihukumu kesi hiyo upya, kwa kuwa wenyewe wote wamekwisha kwenda. Lakini swali lake lingali hai. Huenda mtu akasema kuwa waliotangulia walikuwa na kuni tu, na awashaye moto ndiye mwenye moto. Hoja hii ina nusu ya ukweli. Wengi waliona wagonjwa wakiyumba, wasiulize sababu. Aliyeuliza anastahili sifa. Nusu ya pili ni kwamba moto hauwaki pasipo kuni. Mkono mmoja haulei mwana. Sifa ya mvumbuzi ni halali yake, ila deni lake halifutwi na sifa hiyo. Tena, washitaki wenyewe walidai majina ya wataalamu tu. Yule mgonjwa aliyesema maji ni baridi, kisha akasema ni ya moto mno, hakudaiwa na mtu haki yake, wala jina lake halitajwi. Naye alikuwa mwalimu wa kwanza wa jambo hili.

Liko deni jingine, nalo ni kwa ukweli. Mwaka 1983 wanaanga walijaribu kipimo cha Bárány angani, mahali ambapo kitu cha moto hakipandi wala cha baridi hakishuki. Macho yalicheza vilevile. Ikadhihirika kuwa maelezo yake hayakutosha peke yake, ijapokuwa kipimo chake kinatumika hospitalini hata leo. Kama maarifa yangekuwa shamba lake, sahihisho hilo lingekuwa wizi. Kwa kuwa ni amana, sahihisho lilikuwa nyongeza.

Basi mwanachuo aandikapo kazi yake na ajiulize alipokea nini, na kwa nani, aandike majibu pasipo kinyongo. Ukurasa wa shukrani haumpunguzii mtu kimo. Humwonyesha mahali aliposimama alipoona mbali.