Mhandisi mpya: aendelee kusoma au aingie kazini?

Kila mwaka vyuo vyetu vinapofanya mahafali, swali hili hurudi katika nyumba nyingi za Waislamu mijini. Kijana amemaliza miaka minne ya uhandisi, picha amepiga, joho amelirudisha chuoni. Sasa afanye nini? Aombe nafasi ya shahada ya uzamili au atafute kazi? Wazazi wanasema lao, marafiki wanasema lao, na kijana mwenyewe amebaki katikati.

Wengi hulichukulia jambo hili kama hesabu ya mshahara: njia ipi itamfikisha mtu mbali zaidi baada ya miaka mitano. Mimi, ambaye nimefanya kazi za ujenzi kwa miaka mingi, naliona kuwa ni suala la amana. Ndani yake zimo haki za watu wengine, na ndiyo maana nimeona nilijadili katika safu hii.

Kwanza tujiulize, shahada ile imelipiwa na nani? Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, inakopesha fedha za umma, na katika umma huo wamo wakulima ambao watoto wao hawakufika hata kidato cha nne. Yapo pia madeni ya nyumbani yasiyoandikwa popote: mama aliyeuza kiwanja, kaka aliyekatiza masomo ili mdogo wake asonge mbele. Waislamu wengi tulisononeshwa na ile asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya mkopo, tukaiita riba, na ilipofutwa mwaka 2021 tulishukuru. Hata hivyo, kufutwa kwa nyongeza hakukufuta deni lenyewe. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na ni haki akatwe, kwa sababu fedha hiyo inamngoja mwanafunzi mwingine. Sote tumefundishwa jinsi deni lilivyo zito, kwamba hata aliyekufa shahidi husamehewa yote isipokuwa hilo.

Je, ina maana mwenye deni asiendelee na masomo? Hapana. Zipo elimu ambazo umma mzima utabeba dhambi zikikosa mtu wa kuzisimamia. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliziweka tiba na hesabu katika fardhi kifaya, pamoja na kazi za mikono ambazo mji hauwezi kusimama bila hizo. Kisha akalalamika. Alisema iko miji ambayo haina tabibu Mwislamu hata mmoja, lakini wanafunzi wanarundikana katika fiqhi, hasa katika mijadala na mabishano yake. Sababu aliiona wazi: fiqhi ilikuwa mlango wa ukadhi, wa kusimamia wakfu na mali za mayatima, na wa kuwapita wenzao kwa cheo. Tiba haikuwa na mlango huo.

Ndugu msomaji, malalamiko hayo yana zaidi ya miaka 900, lakini tazama tulivyo leo. Mhandisi wa umeme anakimbilia uzamili wa uendeshaji wa biashara, mara nyingi kwa sababu ameambiwa kwamba mabosi wote wanao. Mwingine anasoma uzamili katika fani ileile kwa kuwa ajira haijapatikana na anaona aibu kukaa nyumbani. Kwa al-Ghazali, wote hao wangeulizwa swali moja: unakwenda penye pengo, au unakwenda penye kiti?

Swali hilo linamhusu pia anayechagua kazi. Yupo anayekataa kazi ya barabara wilayani kwa kuwa anataka ofisi yenye kiyoyozi mjini. Huyo hajachagua kazi badala ya masomo. Amechagua kiti, sawa na mwenzake.

Pengo liko wapi, basi? Machi 29, mwaka 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, jirani na msikiti, liliporomoka na kuua watu 36. Wakati ule iliripotiwa kuwa kibali kilikuwa cha ghorofa chache kuliko zilizojengwa. Novemba 16, mwaka 2024, jengo jingine likaanguka Kariakoo likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Kila ninapopita mitaa ile huwafikiria vijana wetu wenye shahada. Palipo na ujenzi panahitajika mtu wa kusimama saiti, kuhesabu nondo kabla zege halijamwagwa, kupima mchanganyo, na kumwambia mwenye jengo kwamba ghorofa ya ziada haiongezwi. Maneno hayo ni mepesi kuyaandika kwenye mtihani. Kuyasema mbele ya tajiri aliyekwishalipa saruji ni elimu nyingine, na mtu huipata kwa kukaa chini ya mhandisi aliyewahi kuyasema.

Taratibu za taaluma yetu zinalijua hilo. Mhitimu huorodheshwa kwanza na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akiwa mhandisi mhitimu, kisha anatakiwa afanye kazi kwa vitendo, kwa muda usiopungua miaka 3, ndipo aombe usajili wa mhandisi mtaalamu. Tangu mwaka 2003 Bodi hiyo ina mpango wa mafunzo ya miaka 3 chini ya wahandisi wazoefu kwa ajili hiyo. Shahada ya uzamili peke yake haimpi mtu haki ya kuidhinisha jengo.

Wala si jambo geni katika historia yetu. Ismail al-Jazari, bingwa wa mitambo, aliwatumikia watawala wa Diyarbakir, katika Uturuki ya leo, kwa miaka ipatayo 25 kabla ya kuandika kitabu chake kilichokamilika mwaka 1206. Alieleza kuwa aliwakuta waliomtangulia wameandika mambo wasiyoyajaribu kwa mikono yao. Kitabu chake kilitoka karakana.

Mtoto wa dada yangu alinijia na swali hili akiwa na barua mbili mkononi, moja ya kujiunga na chuo ng'ambo kwa ufadhili wa nusu, nyingine ya kazi ya barabara Lindi. Mama yake ana genge Mbagala na wadogo zake wawili wako sekondari. Nilimshauri aende Lindi. Akanijibu, "Mjomba, nikiingia kazini sitoki tena. Nitaoa, nitajenga, kila mwezi mtanipigia simu, na masomo yatakuwa yamekwisha."

Jibu hilo limenikaa kifuani, kwa kuwa ni la kweli. Tunawahimiza vijana waanze kazi, wakishaanza tunawageuza benki ya ukoo. Harusi ni yeye, msiba ni yeye, bati la babu ni yeye. Haki ya mzazi ni kubwa, na ada ya mdogo wake ni wajibu unaoeleweka. Lakini si kila mchango wa ukoo ni haki ya mzazi. Familia inayomwomba kijana aahirishe masomo nayo imechukua ahadi: ukifika wakati, imwachie. Wakae, wataje miaka, na mashahidi wawepo. Tunaandikiana kwa mkopo wa pikipiki, iweje tushindwe kwa umri wa mtoto?

Kwa maana wapo ambao wakati wao wa kusoma ni sasa. Septemba 10, mwaka 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Namna ya kujenga nyumba ya matofali isiyomwangukia mwenyewe ardhi ikitikisika haitafutwi saiti peke yake. Inataka maabara na walimu. Kijana mwenye kichwa cha elimu hiyo, aliyepata ufadhili kamili na ambaye nyumbani hapalali njaa kwa kuondoka kwake, aende. Akisukumwa kazini ili tu aanze kuleta mshahara, tutakuwa tumewadhulumu watu wa Bukoba.

Nitaambiwa kwamba kazi zenyewe hazipo. Ni kweli ajira ni chache, na simlaumu anayesoma huku akingoja. Namwomba tu achague somo ambalo siku moja mtu atalihitaji, na asiache mikono yake ilale. Hata kibarua cha kusimamia mafundi wanne uani kwa jirani kina funzo lake.

Kwa walio wengi, ushauri wangu ni kazi kwanza, masomo baadaye, na ahadi ya masomo iandikwe. Kijana anaposali istikhara, na aiombe akiwa ameshajiuliza kwa ukweli: ni nani ananidai, na ni nani ataumia nisipokuwepo? Majibu mawili hayo hayafanani kwa watu wawili.

Wabillahi tawfiq.