Chumvi Haina Upande wa Jumapili

Somo: Mathayo 5:13, 1 Wafalme 6:20, Ufunuo 21:16



Wiki hii naomba kila nyumba hapa Mkwiro ichukue chembe moja ya chumvi ya mawe, ile tunayopaka samaki wa ng'onda kabla ya kuanika. Chagua ambayo haijasagika. Iweke kiganjani, uitazame juani. Utaona kisanduku kidogo: nyuso sita, kona nane, na kila kona imenyooka kama imepimwa na fundi. Umbo hilo watoto wetu shuleni wanaliita mchemraba.

Nani aliichonga? Hakuna mtu! Kule Gongoni, upande wa Magarini, maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana, jua na upepo vikayakausha. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, lakini huioni. Maji yakipungua mpaka ibaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chembe zinaanza kujijenga. Zikijengeka polepole, zinatoka kubwa na zenye umbo zuri zaidi.

Siri iko ndani, mpendwa. Chumvi ni sodiamu na klorini. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita: juu, chini, kulia, kushoto, mbele na nyuma. Kila klorini nayo imezungukwa na sodiamu sita. Mpangilio huo unarudiwa mamilioni kwa mamilioni. Kitu chenye mpangilio kama huu ndani yake huitwa fuwele, na umbo la nje linashuhudia yaliyo ndani.

Sasa fungua Biblia. Patakatifu pa Patakatifu, Sulemani alipajenga mikono 20 urefu, 20 upana, 20 kwenda juu. Ule mji mpya aliouona Yohana, urefu, upana na kimo chake ni sawa. Ukigeukia upande wowote, kipimo ni kile kile. Na Yesu anatuambia sisi ni chumvi! Je, wewe ukigeuzwa, kipimo chako kinabaki kile kile?

Maana wapo wenye upande wa Jumapili. Kanisani ni haleluya, machozi mpaka sakafuni. Jumatatu akivuka Shimoni na samaki, mizani imechezewa. Kwenye chama anakopa na halipi. Nyumbani mkewe anamwogopa. Chumvi haina tabia hiyo. Upande unaoelekea madhabahuni ni sawa na unaoelekea sokoni.

Tena ivunje chumvi. Itapasuka kwa nyuso bapa, na vipande vina kona zile zile za mraba. Sasa vunja chupa. Kioo kinang'aa kuliko chumvi, lakini ndani hakina mpangilio unaojirudia. Kikivunjika, kila kipande na umbo lake, na kinakata anayekikaribia. Wapendwa, majaribu hayatuundi wakati ule. Yanafunua tulivyokuwa tayari. Kuna mtu akivunjwa, nyumba nzima inatoka damu. Mwingine akivunjwa, unakuta maombi, na ndani ya maombi unakuta maombi tena.

Wapo ndugu zetu ambao riziki yao ilitoka kwenye machimbo ya mchanga huku Kwale, yaliyofungwa Desemba 2024. Mchanga ule ulikuwa na zirkoni, fuwele ya pande nne yenye ncha kama piramidi. Punje zake zilisukumwa na maji na upepo mpaka kona zikasagika. Ukizitazama kwa nje, umbo limepotea. Ndani, mpangilio ni ule ule. Ndugu, kazi imeisha, karo inadaiwa, jina lako mtaani si kama zamani. Kona zimesagika, sawa. Lakini usikubali ndani kuguswe! Usiingie kwenye bangi, wala usimuuzie mtu shamba ambalo si lako.

Na wewe unayesema, "Mchungaji, mimi sikuvunjika tu, niliyeyuka kabisa," sikia neno la mwisho. Yeyusha chumvi kwenye bakuli la maji. Huoni kona hata moja. Iache mahali patulivu siku kadhaa, maji yakauke taratibu. Chini ya bakuli utakuta nini? Mchemraba! Ikiwa Mungu ameiwekea chumvi njia ya kurudi, atakunyima wewe aliyekununua kwa damu ya Mwanawe? Tulia mbele zake. Usimharakishe. Anajua kupanga upya.

Zoezi la wiki: fanya jaribio la bakuli pamoja na watoto. Wakati maji yanakauka, mwulize mtu mmoja wa nyumbani kwako: "Mimi ninafanana na yule wa kanisani?" Akijibu, usibishane naye. Peleka jibu lake magotini.

Tuombe: Baba, tupange ndani, ili popote tutakapogeuzwa tuonekane wako. Kwa jina la Yesu. Amina.