Mama, Usimfiche Mkunga



Fundisho letu linatoka katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 1. Hana alikuwa hana mtoto, na mke mwenzake Penina alimchokoza mwaka kwa mwaka. Akaenda nyumbani mwa Mungu, akaomba moyoni, midomo ikitikisika bila sauti. Kuhani Eli akamtazama, akadhani amelewa. Tuangalie vizuri: mzee wa Mungu alikosea kwa sababu hakujua habari. Hana alipofungua kinywa na kueleza uchungu wake, ndipo Eli alipombariki.

Tunasema hivi kwa sababu siku hizi kuna akina mama wanaopata mimba kwa yai la mwanamke mwingine. Yai hilo linakutanishwa na mbegu ya mume nje ya mwili, kisha mimba changa inawekwa katika tumbo la mke. Kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Australia na Marekani. Leo inafanyika hata Kampala na Nairobi. Mimba kushika kunafuata zaidi umri wa yule aliyetoa yai, kwa hiyo hata mama aliyepita miaka 40 anaweza kubeba. Watoto wengi wanazaliwa wazima, nasi tunamshukuru Mungu kwa kila mmoja.

Lakini mimba hiyo inahitaji macho. Ugonjwa wa tansio unaotangulia kifafa cha mimba unaipata karibu mara 2 kuliko mimba iliyotafutwa kwa yai la mama mwenyewe, na karibu mara 3 kuliko mimba ya kawaida. Kuzaa kabla ya wakati, kupasuliwa na kutokwa damu nyingi, hayo pia yanazidi. Waganga wanaeleza kwamba mwili wa mama unapokea mtoto ambaye asili yake yote imetoka kwa wengine. Mapacha wanaongeza hatari. Ndiyo maana waganga wenye busara wanaweka mimba changa moja tu.

Sasa mama anarudi nyumbani na siri yake. Penina yupo hata mtaani kwetu, na ulimi wake haupumziki. Hatukuambii, mama, utangaze mbele ya kanisa, wala kwa wifi yako. Lakini mkunga asipojua, atakuwa kama Eli: atakutazama na kudhani ni mimba kama nyingine. Mwambie siku ya kwanza ya kupima mimba. Atapima tansio na mkojo mara kwa mara, na daktari anaweza kukuandikia aspirini kidogo ya kila siku, ianze kabla ya juma la 20. Usijinunulie mwenyewe. Nawe baba, siri hii ni ya ninyi wawili: msindikize mkeo, usimwachie mzigo peke yake.

Kichwa kikiuma sana, macho yakiona giza, uso na mikono ikivimba, tumbo likiuma chini ya mbavu, au damu ikitoka, usingoje ibada ya Jumapili. Nenda hospitali siku ileile, hata usiku.

Na ninyi watumishi wa maombi, sikieni. Mama mwenye mimba akianguka na kutetemeka, msiseme ni pepo. Msimfunge, msimfungishe. Mlazeni kwa ubavu, tafuteni gari au pikipiki, mwombe njiani. Hospitalini kuna dawa ya kuzuia kifafa hicho, magnesiamu salfeti, na kila saa mnayomzuia chumbani mwa maombi ni saa mnayomnyang'anya yeye na mtoto. Kumpeleka si kukosa imani. Anayeponya ni Mungu yuleyule.

Mtoto akizaliwa, mtu asimwite mgeni. Mama ni huyu aliyembeba, aliyelala macho, anayemnyonyesha. Samweli aliombwa kwa machozi, akawa nabii wa Israeli.

Mungu wa Hana awafungue vinywa kwa wakati unaofaa, awalinde akina mama wote wenye mimba, na awafikishe salama siku ya kuzaa. Amina.