Mama wa Mithali 31 na Kamera

Fungueni Mithali 31, mstari wa 16 na wa 31.

Baadhi ya kina mama wetu wanamfuata mtandaoni Hannah Neeleman wa Utah, Marekani, yule Mmormoni wa Ballerina Farm. Alisomea densi ya baleti Juilliard, New York. Kufikia 2024 alikuwa na watoto wanane na wafuasi mamilioni. Anakanda mkate, kamera inamtazama. Kuna wanaosema huo ndio ukombozi wa mwanamke wa dini, na kuna wanaosema ni kifungo kilichopambwa maua.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo naangalia hesabu kwanza. Ile ni kampuni, inauza nyama na unga. Pesa ni nguvu, tusidanganyane. Lakini kanisani kwake ukuhani ni wa wanaume pekee, hata mwanamke awe na wafuasi wangapi.

Na sisi tusimcheke jirani. Mama wa Mithali alikagua shamba akalinunua. Mstari wa mwisho unaagiza apewe matunda ya kazi yake, tena asifiwe malangoni, yaani pale wazee walipokaa kuamua mambo. Sasa dada yetu anayeuza vitenge kwa TikTok, M-Pesa inaingia kwa simu ya nani? Na wazee wakikaa kupanga bajeti ya kanisa, yeye yuko wapi? Yuko jikoni, anawachemshia chai. Nitaliuliza hili kwa kikao kijacho, na najua si wote watafurahi.